‘Mama, nina sapu’: Somo la maji lilivyomkwamisha kijana wangu

Kijana wangu alikaa nyumbani wiki tatu za likizo bila kutuambia chochote. Niligundua siku aliponiomba nauli ya kurudi chuoni mapema, wakati wenzake bado wapo makwao.

“Mama, nina sapu,” alisema akiangalia sakafu.

Somo lenyewe ni mekanika ya vimiminika, mwaka wa pili wa uhandisi. Huyu ni mtoto aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM kwa daraja la kwanza. Baba yake alipandisha sauti, akataka kujua kama ni pombe au wasichana. Mimi nilimwuliza hasa ni kitu gani hakielewi.

“Fomula zote nazijua,” akajibu.

Nadhani hapo ndipo penye ugonjwa. Sekondari ukikariri fomula na kupitia mitihani ya nyuma, unavuka. Huku kila fomula ina masharti yake. Mlinganyo wenye jina la Daniel Bernoulli, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa maji mwaka 1738, unaonyesha kwamba katika bomba lililolala, mahali maji yanapokwenda kasi zaidi presha yake hupungua. Lakini hauhesabu msuguano. Ukiutumia kwenye bomba refu na jembamba utapata jibu safi lisilo la kweli. Mwanangu alifanya hivyo karibu kila swali.

Hisabati yake nayo si ya mchezo. Mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha kama milinganyo ya Navier na Stokes, ambayo ndiyo msingi wa somo hili, daima ina majibu yasiyovunjika njiani. Zawadi hiyo bado haijachukuliwa. Nilipomweleza mume wangu, sauti ilishuka kidogo.

Aliyemsaidia kweli ni mdogo wake wa darasa la sita. Alikuwa anamwagilia mchicha, akaziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yakaruka mbali.

“Kaka, kwa nini yanaenda kasi?”

“Nafasi imepungua, kwa hiyo kasi inaongezeka,” akajibu haraka.

“Mbona bomba la bafuni ni jembamba na maji yanadondoka tu?”

Kaka mtu akanyamaza. Jioni ile hakula na sisi. Alikaa uani na daftari, akapima urefu wa bomba kwa futi kamba, akapima na kimo cha tenki. Tenki letu liko juu mita 4 hivi. Kila mita 10 za maji hutoa presha ya takriban bar 1, kwa hiyo tulikuwa na chini ya nusu bar tangu mwanzo.

Saa nne usiku akaniita. Kidole, alisema, kinabana mwishoni tu. Maji ndani ya mpira yanapunguza mwendo, msuguano unapungua, na presha iliyobaki inageuka kasi pale mdomoni. Bomba jembamba linabana njia nzima, presha inaliwa kidogo kidogo hadi mwisho. Mtiririko ukiwa mtulivu, ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji yanayopita hubaki sehemu moja tu ya 16. Fomula hiyo alikuwa nayo daftarini tangu muhula wa kwanza.

Mzazi mwenzangu, huhitaji kujua uhandisi ili kuuliza swali kama la yule mtoto. Muulize pia kama anahudhuria semina, na kama amewahi kugonga mlango wa mhadhiri. Wangu hakuwahi, aliona aibu.

Alirudia mtihani, akapata C, ambayo chuoni kwao ndiyo alama ya juu kwa sapu. Baba yake hakusema mengi. Alimkabidhi fedha akanunue bomba pana la bafuni.