Hukumu ya Waogiek na Hati Isiyofika

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kesi ambayo yafaa wafanyakazi wa Afrika Mashariki waifahamu vema. Waogiek, kabila dogo la msitu wa Mau katika Kenya, waliishinda Serikali yao. Mahakama iliona kwamba vifungu saba vya Mkataba wa Afrika vimevunjwa, vikiwamo vya haki ya ardhi, ya dini, ya utamaduni na ya kutobaguliwa.

Hapana budi kwanza tueleze Waogiek ni watu gani, maana wengi wetu tumezoea kuwasikia wakiitwa Wandorobo. Jina hilo si lao. Latokana na neno la Wamasai, jirani zao, lenye maana ya watu wasio na ng'ombe. Waingereza wakalidaka na kuliandika katika vitabu vyao. Tangu hapo Waogiek wakawa wanajulikana kwa kile wasichokuwa nacho.

Walichokuwa nacho ni asali na msitu. Katika Mau kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa ardhi, uliopanda kutoka nchi ya chini hadi misitu ya juu kabisa. Mpango huo una akili yake. Maua hayachanui pote kwa wakati mmoja, na nyuki huyafuata maua. Basi mtu mwenye mizinga bondeni tu angekaa na njaa sehemu kubwa ya mwaka. Mizinga ya magogo ilitundikwa juu ya miti, kila mti ukijulikana ni wa nani. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa kinywaji cha sherehe, ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na jirani, na ilikuwa sehemu ya mahari. Mtu anayesema kwamba watu hao walikuwa wakitangatanga tu msituni bila ya kumiliki kitu, ama hajui, ama ana haja yake na ardhi ile.

Wakoloni walikuwa na haja hiyo. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter na ambayo ripoti yake ilitangazwa mwaka 1934, ilishauri Waogiek wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa yaliyo karibu nao. Kwa maneno mengine, wafutwe. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kosa hilo halikuteremshwa pamoja na bendera. Msitu ulibaki mali ya Serikali, na wenyewe wakahesabiwa wavamizi. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 zilikatwa kutoka Mau ya Mashariki, wakapewa watu wengine. Kisha, Oktoba 2009, Waogiek wakapewa siku 30 wahame, kwa sababu, waliambiwa, msitu na vyanzo vya maji lazima vilindwe.

Sababu hiyo hatuidharau hata kidogo. Mto Mara huanzia Mau, hunywesha wanyama wa Serengeti, na humwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wetu wa Tanzania. Mau ikikauka, na sisi tutalia. Lakini Mahakama iliupima ushahidi, ikaona kwamba msitu uliharibiwa hasa na walowezi wengine, na Serikali yenyewe kwa kuumega na kwa kutoa ruhusa za kukata miti bila busara. Anayehitaji maua ya mti hana faida ya kuukata.

Ushindi huu haukuanguka kutoka mbinguni. Shirika la Waogiek wenyewe, Ogiek Peoples' Development Program, lililoundwa mwaka 1999, ndilo lililofanya kazi ya kukusanya habari za koo na mipaka. Mwaka 2006, huko Nessuit, watu wa koo mbalimbali walikusanyika wakaijenga Mau kwa mfano mkubwa wenye milima na mabonde, wazee wakionyesha ni wapi ukoo gani ulikuwa na mizinga yake. Novemba 2009 kesi ilipelekwa mbele ya Tume ya Afrika huko Banjul, kwa msaada wa shirika la CEMIRIDE la Kenya na Minority Rights Group la London. Njia ilikuwa ndefu kwa kuwa Kenya haikuwa imetoa tamko la kuruhusu raia na mashirika kwenda Mahakamani moja kwa moja. Ilibidi Tume yenyewe ifungue kesi, nayo ikafanya hivyo mwaka 2012. (Tanzania, mwenyeji wa Mahakama hiyo, iliondoa tamko lake Novemba 2019. Jambo hilo hatukulifurahia.)

Tunayataja hayo kwa kusudi. Yako mashirika mengi yanayosema yanawasaidia watu wa asili, na mengine msaada wao huishia katika kuwachezesha ngoma mbele ya wageni. Ramani moja iliyothibitishwa na wazee ina thamani kuliko sherehe mia.

Wako ndugu watakaouliza: je, sisi Waafrika sote si watu wa asili? Swali ni la haki, na Serikali ya Kenya nayo ilibisha kwamba Waogiek hawana tofauti na wengine. Mahakama haikusema kwamba Waogiek ni Waafrika zaidi ya Mkikuyu au Mluo. Ilisema kwamba maisha yao yamefungamana na ardhi ile kwa namna ya pekee, na kwamba wametupwa pembeni kwa muda mrefu.

Wala kuwapa watu kama hao hati si ndoto. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, hapa Tanzania, walipata hati ya kimila ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo yatambua, katika kifungu cha 63, ardhi za jadi za wawindaji na waokotaji kuwa ardhi ya jamii.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru Waogiek walipwe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso ya moyo, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja katika miaka miwili. Novemba 2023, katika Sasimwani, kaunti ya Narok, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena. Miaka miwili ya Mahakama ilitimia Juni 2024. Hati ilikuwa haijatolewa.