Mahakama na Mwomba Hifadhi Aliyekataliwa Australia

Nchini Australia, mtu anayeomba viza ya ulinzi, yaani kibali cha kubaki nchini humo kwa kuwa kurejea kwao kungemtia katika mateso, akikataliwa na wizara, kwa kawaida huweza kwenda mbele ya Baraza la Mapitio ya Kiutawala, lililoanza kazi Oktoba 2024, ambalo hupima upya madai na ushahidi wake. Baraza nalo likimkatalia, hubaki njia ya mahakama, na hapo ni rahisi kupotoka kwa kudhani kwamba jaji ataamua tena kama hofu ya mwombaji ni ya kweli. Jaji hafanyi hivyo. Mapitio ya mahakama huchunguza uhalali wa uamuzi tu: iwapo mwamuzi alivuka mipaka ya mamlaka aliyopewa na sheria, kwa mfano kwa kumnyima mwombaji nafasi ya haki ya kusikilizwa, kupuuza dai lake la msingi au kuielewa sheria visivyo. Hata akishinda, mwombaji hapewi viza, bali shauri hurudishwa likaamuliwe upya.

Mwaka 2001 Bunge lilijaribu kuibana njia hiyo ya mahakama kwa kifungu cha sheria, lakini mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Australia ilitamka kwamba uamuzi wenye kosa la kuvuka mipaka ya mamlaka haulindwi na kifungu hicho, na hukumu hiyo yastahili heshima kubwa. Kinachoumiza ni muda: maombi hufunguliwa ndani ya siku 35 tangu tarehe ya uamuzi, na ingawa mahakama yaweza kuuongeza, anayechelewa lazima aeleze sababu kwa maandishi. Aliyekataliwa na amtafute wakili mapema.