Ngoma Nyuma ya Kuta: Elimu ya Muziki na Afya ya Vijana Waliofungwa

Kijana anapoingia gerezani huandikwa jina, umri, kosa na muda wa adhabu. Katika mambo hayo manne, kosa ndilo litakalomfuata hadi nyumbani. Atakaporudi Bukoba au Muleba, jirani atamkumbuka kwa kosa hilo kabla ya kumkumbuka kwa jina la baba yake. Basi yafaa kuuliza: katika miezi au miaka ya kifungo, kijana huyo amejifunza kitu gani kingine cha kumtambulisha?

Wahaya wa zamani walikuwa na desturi inayogusa swali hilo. Mwanamume alisimama mbele ya mukama na watu wake, akaghani ebyebugo, yaani majigambo ya kujitaja: yeye ni nani, ametoka katika ukoo gani, ametenda nini na anaahidi kutenda nini. Ilikuwa sanaa, na papo hapo ilikuwa kiapo, kwa kuwa aliyejitaja hadharani alidaiwa kuishi kama alivyosema. Wataalamu wa afya ya akili wa leo wangeiona desturi hiyo kuwa karibu sana na kazi wanayojaribu kuifanya na vijana waliovunjika moyo.

Maradhi yanayofichwa na nidhamu

Gereza hupokea vijana ambao wengi wao wamekwisha kuumizwa na maisha: waliofiwa na wazazi mapema, waliopigwa, walioacha shule, waliozoea pombe au bangi. Siku za mwanzo za kifungo ni za hatari ya pekee, kwani ndipo mawazo ya kujiua huweza kuzidi. Baada ya hapo huja sonona ya muda mrefu, wasiwasi, kukosa usingizi na kumbukumbu za mambo ya kutisha.

Sonona ya kijana haionekani sikuzote kwa machozi. Mara nyingi hujitokeza kama hasira, ubishi au ugomvi, na kijana huadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. Mwingine hunyamaza kabisa, akasifiwa kuwa mtulivu, kumbe amekata tamaa. Aidha, sehemu ya mbele ya ubongo, inayosimamia uamuzi na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Hilo halimwondolei kijana wajibu wa kosa lake, lakini lina maana kwamba bado anaweza kufundishwa upya.

Sheria na kanuni

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo cha gerezani mtoto aliye chini ya miaka 18. Mahakama inaweza kumpeleka katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kwa watu wazima, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu baadhi ya wakosaji kutumikia adhabu yao nje ya kuta. Wanaobaki gerezani wanalindwa na Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kanuni ya 105 inataka kila gereza liwe na shughuli za burudani na utamaduni kwa faida ya afya ya mwili na akili ya wafungwa. Kwa hiyo muziki gerezani si zawadi ya mfungwa mtiifu wala anasa ya sikukuu. Umewekwa katika kanuni kama sehemu ya utunzaji wa afya.

Utafiti umeonyesha nini

Kuna tofauti kati ya elimu ya muziki na tiba ya muziki. Elimu ya muziki hufundisha stadi: kusoma nota, kupiga ala, kuimba kwa sauti nne. Tiba ya muziki huendeshwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, kwa lengo la kutibu. Hata hivyo, mazoezi ya kundi hugusa zote mbili, maana anayejifunza kupiga ngoma na wenzake hujifunza pia kungoja zamu, kusikiliza, kukosea bila kupigana na kurudia hadi aweze.

Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa kwa bahati nasibu wafungwa wanaume 200. Nusu yao walipata vipindi 20 vya tiba ya muziki ya kikundi, na nusu nyingine waliendelea na huduma ya kawaida. Wasiwasi na sonona vilipungua katika kundi la muziki, na hali ya kujithamini ikapanda. Katika baadhi ya vipimo, walionufaika zaidi walikuwa wenye umri mdogo na wenye elimu ndogo. Lakini utafiti wa Norway wa mwaka 2014, uliohusisha wafungwa 113, haukuonyesha faida iliyo dhahiri. Wengi waliondoka mapema mno, wakiwa wamehudhuria vipindi vichache tu. Kwa pamoja, tafiti hizo zinafundisha kwamba muziki huhitaji muda. Onyesho la siku moja mbele ya mgeni rasmi si matibabu.

Barani Afrika mifano ipo. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulianzishwa mpango wa kuwaelekeza vijana waliokinzana na sheria kwenye mafunzo ya marimba na ngoma. Nchini Malawi, wafungwa na askari wa gereza la Zomba walirekodi nyimbo walizozitunga wenyewe, na albamu yao ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2016.

Hazina ya Kagera

Mkoa wa Kagera hauhitaji kuagiza muziki kutoka mbali. Kuna enanga, ala ya nyuzi inayochongwa katika gogo moja la mti, ambayo kwayo waghani wa Buhaya walisimulia tenzi za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi ameziandikia kwa kina. Kuna ngoma na kwaya za makanisa. Huko Ruhija, wilayani Muleba, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limefundisha muziki kwa miaka mingi, wa kwaya na wa ala za asili. Naye Saida Karoli wa Bukoba alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba wimbo wa Kihaya unaweza kupendwa hata na wasioielewa lugha yenyewe.

Mkoa huu unajua pia kuimba katika msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya mateso iliyofuata nyimbo ziliomboleza, zikaonya na kufundisha. Walimu wapo na ala zipo. Kinachohitajika ni kuwaunganisha walimu hao, uongozi wa magereza, maofisa ustawi wa jamii na hospitali.

Tahadhari ya kifua kikuu

Hapa mganga hana budi kusema jambo ambalo mwalimu wa muziki anaweza kulisahau. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kuimba hutoa hewani chembe ndogo za mate kwa wingi unaokaribia ule wa kukohoa. Katika chumba chenye msongamano, mwimbaji mmoja mwenye kifua kikuu asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza wenzake wengi. Kwa hiyo:

• Kila anayejiunga aulizwe kwanza kuhusu kikohozi, homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito. Mwenye dalili apimwe makohozi kabla ya kuimba na wenzake.
• Mazoezi yafanyike uwanjani au chini ya mti, si ndani ya seli.
• Filimbi na tarumbeta zisipuliziwe kwa zamu bila kusafishwa. Ngoma na ala za nyuzi ni salama zaidi.
• Aliyegunduliwa kuwa mgonjwa asifukuzwe kundini. Apewe dawa, apige ngoma au enanga kwa kujitenga hewani, na arudi kuimba mganga atakaporidhika.

Kwa wahudumu wa afya

Muziki hauchukui nafasi ya dawa wala ya ushauri nasaha. Kijana mwenye sonona kali, anayesikia sauti zisizokuwepo au anayetaja kujiua anahitaji kuonwa na mtaalamu haraka, kupitia zahanati ya gereza hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba. Lakini mwalimu wa muziki anayewaona vijana kila wiki anaweza kuwa wa kwanza kutambua aliyeacha kuimba, aliyeacha kula au anayekaa peke yake. Afundishwe dalili hizo, na ajue wa kumwarifu. Wala kijana asilazimishwe kueleza kosa au jeraha lake kwa wimbo. Achague mwenyewe lini na kwa maneno gani.

Kwa familia

Mafunzo ya gerezani hufa haraka yakikosa pa kuendelea. Ndugu wanaomtembelea kijana wamuulize anajifunza nini, na wamwombe awaimbie. Siku ya kurudi, apewe kazi katika kibanja, na pia nafasi katika kwaya ya mtaa au kikundi cha ngoma. Anayeendelea na dawa za kifua kikuu, za UKIMWI au za akili aunganishwe mapema na kituo cha karibu, iwe ni Rubya, Ndolage au zahanati ya kijiji, ili asikatishe hata siku moja.

Kundi la ngoma haliwezi kufuta hukumu ya mahakama, wala halimrudishii aliyeibiwa mali yake. Linaweza kumpa kijana jambo la tano la kuandikwa pembeni ya jina, umri, kosa na muda: kwamba huyu ni mpiga ngoma, anafika mazoezini kwa wakati, na wenzake humtegemea ashike mapigo. Siku atakaposimama mbele ya watu wa kijiji chake kujitaja, atakuwa na la kusema, na wao watakuwa na la kumdai.