Ekari za Vuli na Mizani ya Bahari

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa Mlali, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ametuletea swali ambalo nimelingojea siku nyingi mtu aliulize: kwa nini kuna mwaka majirani zake hulima ekari tatu tatu za mahindi ya vuli, na mwaka unaofuata, watu wale wale na majembe yale yale, huishia kugusa kipande kidogo nyuma ya nyumba? Je, ni mvua au ni bei? Jawabu ni kwamba yote mawili yamo, ila kila moja lina njia yake na wakati wake wa kumfikia mkulima, na lile la mvua huanza safari yake mbali mno na Morogoro, katika maji yaliyo mbele ya kisiwa cha Sumatra, miezi miwili mitatu kabla jembe halijashuka ukutani.

Sitatumia wasaa wa msomaji kueleza vuli ni nini na masika ni nini. Yatosha kukumbusha kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa, inapotoa utabiri wake wa msimu, huugawa mkoa wa Morogoro sehemu mbili: kaskazini yake huhesabiwa pamoja na Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba katika nchi za mvua mbili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na kusini yake huhesabiwa katika nchi za msimu mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Kwa mtu wa Mlali au Mvomero, basi, masika ndiyo inayojaza ghala, na hiyo hailimwi kwa kusitasita. Vuli ni ya hiari, na mkulima asipoziona dalili njema huiacha ipite akazilinda mbegu zake. Kwa sababu hiyo ekari za vuli hupanuka na kusinyaa kuliko ekari nyingine zote, na anayetaka kujua mkulima amewaza nini hana kipimo bora kuliko hizo. Wafanya biashara ya nafaka wa Marekani nao hungojea kila Januari taarifa ya serikali yao juu ya ekari za ngano ya baridi, ile ipandwayo Kansas Septemba na Oktoba na kuvunwa mwanzo wa kiangazi, kwa muradi ule ule.

Na tuje baharini, ambako ndiko penye uzuri wa jambo lenyewe.

Mnamo Septemba 1999 jarida la Nature lilichapisha makala mbili, moja ya Saji na Yamagata pamoja na wenzao, nyingine ya Peter Webster na wenzake, zilizodhihirisha kwamba Bahari ya Hindi ina tabia yake yenyewe, isiyokuwa kivuli cha El Niño ya Pasifiki: katika miaka fulani maji ya upande wa Afrika hupata joto kupita desturi wakati ule ule ambapo maji ya upande wa Sumatra na Java hupoa, na katika miaka mingine mambo hugeuka kinyume. Wataalamu huiita hali hii dipoli ya Bahari ya Hindi, jina lililotoka katika elimu ya sumaku na umeme. Mimi naomba ruhusa ya kuiita mizani ya bahari, kwa kuwa mkulima aliyeuza mahindi anaijua mizani kuliko anavyoijua sumaku.

Basi na tuifikirie mizani ya duka la zamani, ile ya sahani mbili zilizoning'inia kwa minyororo kila upande wa mtambo wa chuma. Sahani ya kwanza iko kwetu, kuanzia pwani ya Afrika Mashariki kuelekea katikati ya bahari. Sahani ya pili iko mashariki, mbele ya Sumatra. Kinachopimwa humo ni joto. Katika mwaka wa kawaida sahani ya mashariki ndiyo nzito, kwa maana inapofika vuli pepo za Ikweta huvuma kutoka kwetu kwenda huko, zikiyasukuma maji ya moto hata yakajikusanya mbele ya Sumatra; huko hewa hupanda, mawingu hujaa, na hewa ile ile ikiisha kutua mvua yake hurudi kwa juu na kushuka kwetu ikiwa kavu. Lakini ukija mwaka ambao pepo za kusini-mashariki, zipitazo kando ya Java na Sumatra, zimevuma kwa nguvu kupita ada, maji ya juu ya pwani ile husukumwa mbali na maji baridi ya kilindini hupanda kushika mahali pake. Sahani ya mashariki imepungukiwa.

Muuza duka angesema kwamba kilichobaki ni kuongeza jiwe dogo la ratili mpaka sahani zilingane. Mizani ya bahari ina hila ambayo muuza duka angeshitakiwa nayo: sahani inayozama hujichotea uzito kutoka kwa mwenzake. Maana hewa iliyo juu ya maji baridi huwa nzito, na hewa iliyo juu ya maji ya moto huwa nyepesi, na upepo daima hutoka palipo pazito kwenda palipo pepesi. Kwa hivyo pepo za Ikweta hupoa, husimama, kisha hugeuka na kuvuma kutoka Sumatra kuja kwetu, na zikija huyaburura maji ya moto kuja nayo. Maji ya kwetu yakizidi joto, hewa ya kwetu huzidi wepesi, na upepo huzidi kuvutwa; upepo ukizidi kuvutwa, maji baridi huzidi kupanda kule Java, na sahani ile ikazidi kuwa tupu. Kilichoanza kwa sehemu ya nyuzi moja ya joto mnamo Juni au Julai huwa, ifikapo Oktoba, jambo la bahari nzima; mwaka 2019 tafauti ya sahani mbili ikilinganishwa na desturi ilizidi nyuzi 2, jambo lililo nadra.

Na mkono unaoishika mizani hii isizame milele ni mkono ambao nahodha yeyote wa Lamu au Unguja aliujua karne nyingi kabla ya majarida kuwako, nao ni kaskazi. Desemba ikiingia, kusi imekwisha kufa, upepo hugeuka, na zile pepo zilizokuwa zikiyaondoa maji kando ya Java hazipo tena. Maji baridi hushuka yalikotoka, jua huipasha moto bahari ya mashariki, na mizani hulingana kwa majuma machache. Tazama basi ulinganifu wake na kalenda yetu: mizani hii huanza kuinama kiangazi, huinama mno Septemba hadi Novemba, na husimama Desemba, yaani kilele chake huangukia vuli yenyewe. Masika, ambayo huja kaskazi ikiwa inakwisha na kusi haijashika, haina bwana mmoja namna hiyo, na ndiyo maana wanaotabiri hupata vuli kwa urahisi kuliko masika. Tena maji, kwa asili yake, hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hata hali ya bahari iliyopimwa Agosti aghalabu huwa ingalipo Oktoba. Utabiri wa vuli, ambao Mamlaka huutangaza panapo kikomo cha Agosti, umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya subira hiyo ya maji.

Wazee hawakuwa na jina la jambo hili, ila waliliona. Vuli ya mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, ilinyesha kwa kiasi ambacho Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja katika miaka iliyofuata, na wala El Niño haikuwako Pasifiki mwaka ule. Ilikuwa mizani ya bahari peke yake, imeinama upande wetu. Vuli ya 1997 zilikutana zote mbili, na kadhalika ile ya 2023. Upande wa pili, mwaka 2010, 2016 na 2022 mizani iliinama mashariki, na mvua zetu zikaja chache na kwa kuchelewa. Yako mengine yanayoharibu hesabu hii, na utabiri hutoa uwezekano pasipo ahadi; lakini tuifuate mvua yenyewe mpaka mlimani.

Hewa iliyobeba maji ya bahari husafiri juu ya nchi tambarare mpaka ikutane na Uluguru, milima inayonyanyuka kutoka tambarare ya kama mita 500 mpaka kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Ikilazimishwa kupanda hupoa, na ikipoa huacha maji yake upande wa mashariki, Kinole, Tegetero na Matombo, ambako mvua haikosi hata katika mwaka mbaya. Kinachovuka kwenda Mlali ni masalio. Kwa hiyo mtu wa Kinole hana haja kubwa ya kuuliza habari za Sumatra, na hata angeuliza asingekuwa na mahali pa kuongeza ekari, maana mteremko wote umekwisha kujaa migomba, minanasi na viungo, na ardhi ni ya ukoo tangu zamani za mababu. Anayeweza kuongeza au kupunguza ni mtu wa Mlali, Melela na Mvomero, kwenye mashamba ya kukodi na mvua ya mashaka. Na mlimani nako wako wanaoshuka kukodi huko mvua ikitazamiwa kuwa njema. Utawaona siku za mwisho wa Oktoba, baada ya manyunyu ya kwanza, wakifukua udongo kwa ncha ya jembe mpaka kina cha kiganja ili wajue kama unyevu wa juu umekutana na unyevu wa chini. Usipokutana, hiyo si mvua ya kupandia, na anayepanda mbegu ya muda mfupi kama Situka huweza kungoja siku chache zaidi kuliko mwenye mbegu ya muda mrefu.

Sasa soko. Bei anayoiona mkulima anapokodi shamba ni ya Septemba na Oktoba, na mahindi atakayovuna yatauzwa Januari na Februari, wakati mavuno makuu ya Iringa, Rukwa na Songea yamekwisha kupungua maghalani. Kwa kawaida hiyo ni faida kwake: huuza wakati wa upungufu, na tena huwa hana haja ya kuweka akiba muda mrefu akapambana na dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza kwetu huko Tabora takriban mwaka 1980. Lakini malori ya nyanda za juu kusini hupita Mikumi na Morogoro yakielekea Dar es Salaam, nayo ya soko la Kibaigwa hushuka kwa barabara ya Dodoma, na yakiwa bado yamejaa mwezi wa Oktoba, dalali wa Morogoro hana sababu ya kumbembeleza mtu wa Mvomero. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi yasitoke nje ya nchi, na mavuno yakawa mengi, bei ilianguka mpaka watu wengi wakaona heri shamba lipumzike. Mwaka 2022 bei ya mahindi ilipanda, lakini mbolea nayo ilikuwa imepanda kwa vita vya Ukraine kabla ya ruzuku kufika, na mizani ya bahari ilikuwa imeinama mashariki. Aliyevutwa na bei alisukumwa nyuma na mbolea na mvua.

Hapa ndipo penye tafauti ambayo ningependa msomaji wetu aishike. Bahari haibadiliki kwa kutabiriwa. Ukisikia Agosti kwamba vuli itakuwa juu ya wastani, ukaongeza ekari, na nchi nzima ikasikia na kuongeza, mvua itanyesha vile vile. Lakini bei haitabaki vile vile, kwa kuwa bei ya Februari imetengenezwa na ekari hizo hizo zilizoongezwa kwa kuitegemea. Mwaka wa mvua njema huelekea kuwa mwaka wa bei hafifu, na mwaka wa mvua mbaya humpendelea yule mwenye kipande bondeni, kando ya mto, ambako unyevu hauondoki. Kwa hiyo mkulima wa Mlali anayesema kwamba ameongeza ekari kwa ajili ya mvua hadanganyi, na jirani yake aliyepunguza kwa ajili ya bei hadanganyi. Wamesikia tangazo moja na kulifanyia hesabu mbili, mmoja akihesabu chakula cha nyumba yake, mwingine akihesabu magunia ya kuuza.

Rai yangu ni kwamba utabiri wa Agosti usibandikwe peke yake katika ofisi za kata. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hujua una tani ngapi ghalani, na soko la Kibaigwa hujua limepokea kiasi gani. Hesabu hizo zikiwekwa karatasi moja na habari za mizani ya bahari, mkulima ataamua akiwa ameona pande zote mbili. Uamuzi wenyewe hauishii kwenye vuli, kwa kuwa fedha ya mahindi mabichi, yale yanayochomwa Msamvu mnamo Januari abiria wakingojea mabasi, ndiyo inayomlipa mwenye trekta mwezi wa Februari. Aliyekosa vuli huingia masika kwa jembe la mkono, na ekari zake za Machi huwa zimekwisha kukatwa tangu Novemba.