Tusiwacheke Watoto Wanaopenda Kusoma

Mtoto anayependa kitabu huitwa "profesa" kwa kejeli. Kijana anayeuliza maswali huambiwa anajifanya msomi. Wengine hudai hata kwamba elimu nyingi huharibu imani. Je, akina mama, tunajua mzaha huu unatugharimu nini?

Tanzania imewahi kuithamini elimu kuliko hivyo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kampeni ya elimu ya watu wazima, iliyoshika kasi kuanzia mwaka 1970, iliwaingiza akina mama wengi madarasani. Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walibaki kama 10 tu katika kila 100.

Lakini kujua kusoma si kupenda kusoma. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kitabu ni cha mtihani, mtihani ukiisha hukitupa.

Mwalimu Nyerere hakuwa hivyo. Akiwa na mzigo wa kuongoza Taifa, alitafsiri tamthilia za Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Baada ya kustaafu alizitunga Injili kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Kwake usomi na sala havikugombana.

Maandiko nayo hayadharau akili. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliomba aletewe joho lake pamoja na vitabu (2 Timotheo 4:13). Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, naye alilelewa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Bwana Yesu anatutaka tumpende Mungu kwa akili zetu pia (Mathayo 22:37). Mtoto asiyezoea kusoma na kupima maneno atamtambuaje nabii wa uongo?

Basi tuanzie nyumbani. Baada ya chakula cha jioni, tuzime televisheni na kuweka simu kando kwa nusu saa. Kila mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti: leo Biblia, kesho hadithi au shairi la Shaaban Robert. Mama asiyejua kusoma asikilize, kisha aulize maswali. Vitabu vikiwa ghali, kikundi cha akina mama kichange, kitabu kimoja kizunguke nyumba kwa nyumba.

Na mtoto akituuliza swali gumu, tusimnyamazishe. Tumwambie, "Mwanangu, njoo tutafute pamoja."