Miaka 13 kwa gitaa moja

Mwaka 1924, mpiga gitaa Mhispania Andrés Segovia alifika Munich, na fundi mmoja wa mji huo akapata nafasi ya kulishika gitaa lake. Lilikuwa limetengenezwa Madrid mwaka 1912, katika karakana ya Manuel Ramírez. Mwingine angelisifia, akarudi kazini kwake. Hermann Hauser alilipima.

Hauser hakuwa mwanagenzi. Alizaliwa Munich mwaka 1882, akakua kati ya maranda na harufu ya gundi, maana baba yake, Josef, naye alikuwa fundi wa ala. Alikwisha kujipatia jina kwa magitaa ya mtindo wa kwao na kwa zita, ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa mezani. Mtu aliyevuka arobaini, mwenye wateja wake, alikubali kuanza masomo upya. Hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Alichokisoma kimefichika ndani. Chini ya ubao wa uso, mafundi wa Hispania hugundisha vijiti vyembamba vilivyotandazwa mithili ya kipepeo cha ukili. Antonio de Torres, aliyefariki mwaka 1892, aliweka saba. Kijiti kikizidi unene, ubao hufa ganzi. Kikizidi wembamba, nyuzi huuvuta hadi ubonyee. Fundi huchonga kidogo, hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, husikiliza, huchonga tena. Na nyuzi nyembamba za siku hizo zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni ilikuja baadaye.

Miaka ikapita. Hauser alitengeneza, Segovia akapiga na kutoa maoni, fundi akarudi kwenye patasi. Mwaka 1937 likatoka gitaa ambalo Segovia alilitaja kuwa kuu kuliko yote ya zama zake. Alizunguka nalo dunia kwa takribani robo karne.

Hauser alifariki mwaka 1952. Karakana, iliyohamia Reisbach, mji mdogo wa Bavaria, aliishika mwanawe Hermann, kisha mjukuu Hermann, na sasa yumo kitukuu, Kathrin.

Gitaa lile la mwaka 1937 liko Metropolitan Museum of Art, New York, tangu mwaka 1986. Lile la Madrid, lililopimwa siku ile Munich, limehifadhiwa humo humo.