Kava Linalouma

Meno ya kava la CD yamekaa katikati, yamepangwa duara. Kava likiwa jipya utayaona yamesimama sawasawa, membamba, yameinamia nje kidogo, yakisubiri tundu la CD lenye upana wa milimita 15. Yamepewa kazi mbili zisizopatana: yaibane diski isicheze hata kava likidondoka, kisha yaiachie mara tu kidole kinapobonyeza. Kwenye rafu ya chini ya kibanda kimoja cha Bakarani, Kisauni, Mombasa, kuna mkebe wa biskuti uliojaa meno hayo. Yote yamevunjika.

Nilikuwa nimekwenda kwa jambo jingine, kutafuta taarabu za zamani za harusini. Mwenye kibanda akainama kupekua, mkebe ukasogea, ukatoa mlio wa mchele mkavu. Tangu hapo taarabu ikanitoka kichwani. Mtu mzima anaweka vipande vya plastiki vilivyokatika vya nini?

Mtaani wanamwita Ami, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu sehemu ya shehena yake ni nakala alizozitoa mwenyewe bila ruhusa ya mtu, na hapendi jina lake litoke gazetini. Enzi za kaseti alikuwa akirekodi. Zilipoingia CD akahamia huko. Zikaja DVD akaanza kupiga video za harusi, kuanzia Mtopanga hadi Mtongwe. Siku hizi wateja huja na flashi, na wengi hawaji kabisa kwa kuwa kila kitu kiko kwenye simu. Kilichobaki ni mkusanyiko wake, pamoja na ugomvi wa miaka mingi baina yake na makava.

Anaeleza kwamba jino lililokatika haliachwi ndani ya kava. Kila kava linapoinamishwa au kutiwa mkobani, kipande kile hutembea juu ya diski na kuichora. Mwenye CD hasikii, au husikia kijikelele akadhani ni bawaba. Baada ya miezi wimbo unaruka katikati ya ubeti, na lawama zote inabeba mashine. Kwa hiyo kava lolote linaloingia kibandani hutikiswa kwanza karibu na sikio. Likilia, hufunguliwa na kipande kikatolewa. Ila kwa nini hakitupwi, hapo Ami hana jibu linalotosheleza. Mara anasema ni ushahidi, mara anasema ni mazoea tu.

Kama ni ushahidi, mshtakiwa yuko mbali. Kava hili la plastiki ngumu lilibuniwa kwenye kampuni ya Philips, kazi iliyoongozwa na Peter Doodson, wakati Philips na Sony wakiiandaa CD iliyoingia sokoni mwaka 1982. Vipimo vyake ni milimita 142 kwa 125, unene 10, na havijabadilika hadi leo. Limetengenezwa kwa polistairini, plastiki inayong'aa na kulionyesha jalada vizuri, ila haikubali kupindwa: ikizidiwa hupasuka. Ukiliona dukani linapendeza kwelikweli. Lidondoke mara moja kwenye sakafu ya saruji uone. Huanza kwenda yale masikio mawili membamba yanayoshikilia mfuniko, na mfuniko ukishatoka haurudi tena ukakaa. Halafu meno.

Na vijikucha vya pembeni vinavyoshikilia kijitabu, Ami anavichukia kwa dhati. Ana CD ya Zein Musical Party, *Mtindo wa Mombasa*, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1990. Kijitabu chake kimechanika pembe mbili. Anakisukuma ndani mbele yangu, polepole, kwa ncha za vidole, na bado karatasi inakwama kwenye kucha na kujikunja. Kitu cha kusoma hakifai kutolewa kwa woga namna hii, na mimi nimemuunga mkono hapo hapo.

Linalomkera kuliko yote ni kwamba kava halikuambii ubonyeze wapi. Watu wengi hushika ukingo wa diski na kuvuta. Ukingo unapanda, katikati bado imebanwa, diski inapinda kama upinde. Ananionyesha kwa CD iliyokwisha kufa: kidole cha shahada kinabonyeza kitovu, gumba na cha kati vinanyanyua kingo, diski inatoka bila sauti. Kisha anafanya vile tunavyofanya sisi wengine, na nikasikia meno yakilia. CD ni bamba moja la polikaboneti lenye unene wa milimita 1.2, kwa hiyo huvumilia. DVD ni mabamba mawili ya milimita 0.6, yameunganishwa kwa gundi, na data imelala katikati yao. Ukiipinda kila siku unaivuta ile gundi. Makava marefu ya DVD hayapasuki ovyo, maana ni ya polipropilini, laini, na urefu wake wa milimita 190 ulifuata ule wa makasha ya kanda za video ili rafu za maduka zisibadilishwe. Lakini ya bei rahisi yana kitovu kinachobana hadi diski inapinda kabla ya kuachiwa. Plastiki imeokoka, diski imeumia.

Ami ana mtihani wake, na hakuutoa kitabuni. Kava jipya hulijaribu kwa mkono uliotoka kula viazi karai, mkono wa pili ukiwa umeshika kitu kingine, na ikiwezekana stima ikiwa imepotea. Diski ikitoka kwa mkono mmoja bila kuguswa uso, kava limefaulu nusu. Nusu ya pili ni kurudi: je, mkono ule ule wenye haraka utaikalisha diski mahali pake na kusikia ule mgoto wa kujifunga? Diski nyingi alizoletewa zikiwa mahututi, asema, hazikuharibikia ndani ya kava. Ziliharibikia juu ya redio, juu ya meza, juu ya diski nyingine, kwa sababu kava lilimchosha mtu akaahirisha kuzirudisha. Nimesoma maandishi ya wataalamu wa maktaba juu ya kutunza diski. Wanasisitiza irudishwe kwenye kasha mara baada ya kutumika. Hawaulizi kasha lenyewe linarudishika vipi.

Ukimtajia pochi za zipu, zile zenye kurasa na diski nne kila ukurasa upande kwa upande, hupumua kwanza. Anakiri zilimsaidia. Kuvuka Likoni na makava mia moja ni kubeba mzigo wa mita nzima ukiyapanga. Pochi moja unaikumbatia ndani ya feri na bado unapata pa kushika. Zilimtosha miaka ya kupiga harusi. Kisha akaanza kuona alama.

Mchanga ndio wa kwanza. Chembe moja ikiingia mfukoni haina pa kutokea, na diski hupita juu yake kila ikitolewa na kurudishwa. Wa pili ni uzito wa pochi yenyewe: ikijaa na kulazwa chini ya vitu vingine wakati wa kaskazi, kitambaa cha ndani hujichapa kwenye diski, na upande wa plastiki hung'ang'ania. Zipu za chuma nazo huliwa na hewa ya chumvi zikagoma katikati ya njia.

Lakini kosa kubwa la pochi, kwa mkusanyaji, halihusiani na mikwaruzo. Pochi haina mgongo. Makava yakipangwa rafuni unasoma migongo kwa kutembeza jicho. Pochi lazima uifungue ukurasa baada ya ukurasa. Na haina nafasi ya mgeni. Ami alipanga zake kwa alfabeti ya majina ya waimbaji: Bhalo, Matano, Maulidi, Zein, Zuhura. Akapata Bhalo nyingine mbili. Ili ziingie mahali pake ilibidi atoe kila diski iliyofuata na kuisogeza mbele, hadi mwisho wa pochi na kuingia pochi ya pili. Wiki iliyofuata akaletewa Matano. Akaacha kupanga. Baada ya hapo kila mpya iliingia penye pengo, na mkusanyiko ukawa rundo lenye zipu.

Isitoshe, pochi inataka diski tu. Makava hutupwa, na jalada la karatasi huenda nayo. Ami anafungua ukurasa na kunionyesha diski nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu neno moja: Bhalo. Bhalo ipi? Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba tungo zake na za washairi wengine, akiwemo jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita*. Nani alitunga huu? Nani alipiga fidla? Ilirekodiwa harusi ya nani? Yote hayo, kama yaliandikwa, yaliandikwa kwenye karatasi. Hata stika ya uthibitisho ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, inayotakiwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kwa kawaida hubandikwa juu ya kava. Kava likivunjika, uhalali wa diski huishia jaani nalo.

Changamwe kulikuwa na mtindo wa tatu. Madereva wa malori yanayongoja zamu ya bandari, na wa matatu za Magongo, walikuwa wakichomeka diski zao kwenye mikanda ya kitambaa iliyofungwa juu ya kizuia jua. Kwa dereva ni ubunifu bora kabisa: mkono unapanda, diski inashuka, macho hayaondoki barabarani. Mtihani wa viazi karai ungefaulu bila shaka. Ila mahali penyewe ndipo jua linapopiga, na diski nyingi pale zilikuwa za kunakiliwa, ambazo data yake imo kwenye tabaka la rangi ya kikemikali. Rangi hiyo huchujuka kwa joto na mwanga. Wateja walimrudishia Ami wakimtuhumu kuwauzia diski mbovu, naye akawarudishia pesa wachache na kugombana na waliobaki.

Tena madereva walizichomeka uso unaong'aa ukiwa kwenye kitambaa laini, wakiulinda, na upande wa maandishi ukigusa plastiki ya moto. Kwenye CD ni kinyume. Upande unaong'aa una zaidi ya milimita moja ya plastiki kabla ya data. Upande wa maandishi una vanishi nyembamba tu, na alumini iko chini yake. Mkwaruzo wa chini unaweza kupigwa msasa. Wa juu ukitoboa, wimbo umekwenda. Ami anaamini pochi na mikanda zimewafundisha watu kulinda upande usiohitaji kulindwa sana. Sijapata hoja ya kumpinga.

Nilimtajia mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Fred Byers mwaka 2003. Unashauri diski zisimamishwe wima kama vitabu, kwenye joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. La kusimamisha alilikubali. La nyuzi 20 alicheka hadi akakohoa. Unyevu wa Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na wakati wa masika majalada ya kadibodi, yale ambayo trei imegandishwa kwa gundi, hujikunja na kuota ukungu. Haya ndiyo ayaogopayo zaidi, kwa sababu jino likikatika trei haibadilishiki. Nilipomweleza kwamba mwaka 2001 watafiti wa Madrid waliripoti kuvu ya aina ya Geotrichum iliyokula plastiki na alumini ya CD iliyotoka Belize, hakucheka. Aliuliza ilikuwa na rangi gani.

Alichojitengenezea ni sanduku la mbao, lisilo na mfuniko, lenye miguu ili hewa ipite chini. Ndani, kila diski imo kwenye mfuko wake, na mbele ya mfuko limesimamishwa jalada la karatasi ndani ya mfuko mwingine, ili wino usiguse diski unyevu ukizidi. Ncha ya jalada inachungulia juu, imeandikwa jina, mtunzi na mwaka kama unajulikana. Bhalo mpya akija, unatenganisha mbili na kumtia katikati. Kidole kinatembea kwenye ncha, jicho linasoma. Vumbi bado linaingia, hilo halikatai, na kila asubuhi hufunika kwa leso kuukuu ya mkewe.

Makava asilia machache amebaki nayo, ya CD zilizokuja na vijitabu. Mengine aliyavunja kwa ajili ya vipuri: trei nzima huhamia kava lenye trei bovu, mfuniko mzima huhamia kava lililokatika masikio. Hapo uimara wa kile kipimo cha milimita 142 kwa 125 humfaa: kava la 1990 hukubali trei ya 2010. Kwa hilo peke yake anamsamehe Doodson kidogo.

Kwenye kona kuna sanduku jingine, halikupangwa. Ni DVD za harusi ambazo wenyewe hawakuzifuata. Wengine hawakumaliza kulipa. Wengine ndoa iliisha kabla ya video kuhaririwa. Bibi harusi mmoja alimwomba asiifute wala asimpe mtu. Azitunze hadi lini, na kwa haki ya nani, Ami hajui. Wala hajui nakala zake za taarabu ni wizi au ni hifadhi. Kuna nyimbo kwenye lile sanduku la mbao ambazo hajaziona kwingine, na hakuna aliyelipwa kwa kuwa zimo. Wanawe wamempa flashi moja waliyosema inatosha kila kitu. Ameiweka. Haina mgongo wa kuandikia.

Nilipokuwa naondoka aliniagiza jambo. Maduka ya sinema yanafungwa kote, Mishomoroni, Likoni, Chaani, na wenye nayo huuza rafu na televisheni, makava yakaenda kwa watu wa plastiki kuukuu wanaonunua kwa kilo. Nikimkuta anayefunga, nimpigie kabla ya mzani kufika. Sinema hazitaki. Anataka makava matupu, yale ya kitovu cha kubonyeza, na nisisahau kuyatikisa kwanza.